Ushuru wa Huduma Kilwa: Safari ya Fedha za Wawekezaji Kutoka Kisimani Hadi Kijijini

Gesi asilia iligunduliwa katika Kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974. Miaka 30 baadaye, mwaka 2004, ilianza kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, ambako imekuwa ikizalisha umeme na kuendesha viwanda. Tangu wakati huo Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa imekuwa na swali ambalo wilaya nyingi za Mkoa wa Lindi zitakutana nalo kadiri uwekezaji unavyoongezeka: mwekezaji anapotumia rasilimali ya eneo fulani, ni kiasi gani cha fedha kinabaki katika eneo hilo, kinakusanywa na nani, na kinakuwaje darasa, zahanati au kisima?

Sehemu kubwa ya jibu iko katika ushuru wa huduma. Huu ni ushuru ambao kampuni hulipa kwa halmashauri kutokana na mauzo yake. Makala haya yanaeleza msingi wake wa kisheria, namna unavyokokotolewa, mgawanyo wake kati ya halmashauri na kijiji, na mambo ambayo mwananchi ana haki ya kuyafahamu.

Msingi wa kisheria

Ushuru wa huduma umewekwa na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, Sura ya 290. Sheria hiyo inazipa halmashauri za wilaya, miji, manispaa na majiji mamlaka ya kutoza kampuni na wafanyabiashara wanaoendesha shughuli katika maeneo yao. Kwa miaka mingi kiwango cha juu kwa kampuni kilikuwa asilimia 0.3 ya mapato ghafi ya mauzo, baada ya kuondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani na ushuru wa bidhaa. Bunge linaweza kubadilisha kiwango kupitia Sheria ya Fedha ya kila mwaka, hivyo halmashauri hutakiwa kutumia kiwango cha mwaka husika.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba ushuru huu hautozwi kwenye faida. Kampuni inayodai kupata hasara bado inalipa, kwa sababu kinachoangaliwa ni thamani ya mauzo. Hali hiyo huipa halmashauri chanzo cha mapato kinachotabirika zaidi kuliko michango ya hiari, ili mradi mauzo yajulikane kwa usahihi.

Ushuru wa huduma usichanganywe na malipo mengine yanayoambatana na uwekezaji. Mrabaha na sehemu ya Serikali katika gesi huingia Serikali Kuu, kwa sababu petroli ni mali ya Watanzania wote na inasimamiwa kwa niaba yao na Serikali. Kodi ya mapato hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Fidia ya ardhi na mazao hulipwa mtu mmoja mmoja aliyetwaliwa eneo lake, na halmashauri haina fungu ndani yake. Wajibu wa kampuni kwa jamii ni utaratibu mwingine unaojitegemea. Wananchi wengi huyaita malipo yote haya “hela ya gesi”, na mkanganyiko huo ndio chanzo cha malalamiko mengi katika mikutano ya vijiji: aliyelipwa fidia huulizwa kwa nini hajajenga zahanati, na halmashauri huulizwa kuhusu mrabaha ambao haukuwahi kupita mikononi mwake.

Wapi ushuru ulipwe

Mauzo ya gesi ya Songo Songo yanagusa maeneo zaidi ya moja. Visima na mitambo ya kusafisha gesi viko kisiwani. Bomba linapita chini ya bahari, linatokea nchi kavu eneo la Somanga, kisha linaelekea kaskazini hadi Ubungo. Wateja wakubwa wako Dar es Salaam, na huko ndiko ziliko ofisi za kampuni.

Kutokana na mazingira hayo, katika miaka ya mwanzo ushuru wa huduma ulikuwa ukilipwa Manispaa ya Ilala, mahali zilipo ofisi, na si Kilwa, mahali inapotoka gesi. Halmashauri ya Kilwa ilidai haki yake, na baada ya mashauriano ikaanza kupokea ushuru huo. Hoja iliyoshinda ni rahisi kuielewa: barabara inayobeba mitambo, shule inayopokea watoto wa wafanyakazi na zahanati inayotibu waliohamia kutafuta kazi ziko Kilwa. Anayebeba mzigo wa huduma ndiye anayestahili ushuru wa huduma.

Suala hilo halijabaki kuwa la kihistoria. Mwaka 2015 ulizinduliwa mtandao mpya wa kitaifa wa gesi unaosimamiwa na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC), wenye mitambo ya kusafisha gesi Madimba, mkoani Mtwara, na Songo Songo. Mabomba yake mawili hukutana Somanga kabla ya kuelekea Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kisima cha Kiliwani Kaskazini, pia cha Songo Songo, kilianza kuzalisha. Kila mradi mpya wa namna hii unaleta muuzaji mpya, mteja mpya na eneo jipya la makabidhiano, na kwa hiyo swali la ushuru ulipwe wapi hujirudia. Halmashauri inayosubiri mradi uanze ndipo iulize hujikuta imechelewa.

Hesabu yenyewe

Mfano wa tarakimu unasaidia kuelewa ukubwa wa fedha zinazozungumzwa. Chukulia kampuni imeuza gesi yenye thamani ya shilingi bilioni 100 kwa mwaka, bila kodi. Kwa kiwango cha asilimia 0.3, ushuru wa huduma ni shilingi milioni 300.

Halmashauri ya Kilwa ilikubaliana na Kijiji cha Songo Songo kwamba asilimia 20 ya ushuru wa huduma unaotokana na gesi irejeshwe kijijini. Katika mfano huu kijiji kitapata shilingi milioni 60, na shilingi milioni 240 zitabaki halmashauri kwa ajili ya wilaya nzima.

Milioni 60 zinaweza kufanya nini? Mwaka 2021, katika mpango wa kitaifa wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, Serikali ilijenga vyumba vya madarasa nchini kwa kigezo cha shilingi milioni 20 kwa chumba kimoja. Kwa kigezo hicho, fungu la kijiji lingetosha vyumba vitatu. Hata hivyo, saruji, nondo, mbao na mabati ya kisiwani huvushwa kwa chombo, na gharama ya nauli, upakiaji na upakuaji huongezwa juu ya bei ya dukani. Mpango wa ujenzi wa kisiwani unaotumia bei za nchi kavu hukwama kabla ya kupauliwa.

Mfano huohuo unaonyesha uzito wa taarifa sahihi. Ikiwa mauzo yatatangazwa kuwa bilioni 90 badala ya bilioni 100, halmashauri itapoteza shilingi milioni 30. Tofauti ya asilimia 10 katika karatasi ya kampuni ni chumba kimoja na nusu cha darasa kijijini.

Kuhakiki mauzo

Hapo ndipo penye kazi ngumu zaidi. Mweka hazina wa halmashauri anaweza kuhesabu magunia ya ufuta kizuizini, lakini hawezi kuhesabu futi za ujazo za gesi inayopita kwenye bomba. Hutegemea taarifa ya mauzo inayowasilishwa na kampuni yenyewe.

Vipo vyanzo vya kulinganisha. TPDC, ambayo ni mshirika wa Serikali katika mikataba ya uzalishaji, ina takwimu za gesi iliyozalishwa na kuuzwa. Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli (PURA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, hukagua gharama na mapato ya wenye leseni. TRA hupokea hesabu za kampuni kwa ajili ya kodi. Aidha, Tanzania ilijiunga mwaka 2009 na mpango wa kimataifa wa uwazi katika tasnia ya uziduaji, na mwaka 2015 Bunge likatunga sheria ya uwazi na uwajibikaji katika rasilimali za madini, mafuta na gesi asilia. Ripoti zinazotolewa chini ya sheria hiyo hulinganisha kile kampuni zilichosema zimelipa na kile taasisi za Serikali, zikiwemo halmashauri, zilichosema zimepokea. Diwani anayetaka kujua kama taarifa ya mweka hazina inalingana na taarifa ya kampuni ana pa kuanzia.

Malipo yenyewe hufanyika kwa namba maalum ya malipo inayotolewa na mfumo wa Serikali, fedha ikaingia benki moja kwa moja bila kupita mkononi mwa mtumishi. Utaratibu huo umeziba mianya ya stakabadhi za kughushi. Haujaziba mwanya wa taarifa ya mauzo isiyo kamili. Huo huzibwa kwa ukaguzi tu.

Kutoka akaunti ya halmashauri hadi mradi

Fedha za ushuru wa huduma zikishaingia huhesabiwa kuwa mapato ya ndani ya halmashauri. Matumizi yake yanafungwa na bajeti, na bajeti ina ngazi zake.

Kazi huanza kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji, wenye kila mkazi aliyetimiza umri wa miaka 18, hupokea mapendekezo ya halmashauri ya kijiji na kupanga vipaumbele kwa kutumia mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Vipaumbele hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwa wataalamu wa halmashauri, halafu kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, na mwishowe Baraza la Madiwani hupitisha bajeti. Baada ya hapo bajeti hupitia Sekretarieti ya Mkoa wa Lindi na Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI) kabla ya kuidhinishwa na Bunge. Mwaka wa fedha huanza Julai 1.

Maana yake kwa mwananchi ni kwamba mradi ambao haukutajwa katika mkutano wa kijiji miezi mingi kabla ya Julai huwa na nafasi ndogo ya kupata fedha mwaka huo, hata kama ushuru umelipwa kikamilifu. Kudai mradi mwezi Agosti ni kudai wa mwaka unaofuata.

Ndani ya mapato ya ndani yapo pia mafungu yaliyokwishaamuliwa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yasiyolindwa kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwongozo wa bajeti huelekeza pia sehemu maalum iende kwenye miradi ya maendeleo badala ya posho, mafuta ya magari na matumizi mengine ya kawaida. Barabara za wilaya zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) tangu mwaka 2017, na maji ya vijijini na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) tangu mwaka 2019. Hivyo ushuru wa huduma unaonekana zaidi katika majengo ya elimu na afya, matundu ya vyoo, nyumba za watumishi, madawati na ukamilishaji wa maboma yaliyoanzishwa kwa nguvu za wananchi.

Kwa nini kijiji kipate fungu lake

Sera ya kurejesha asilimia 20 ya mapato ya ndani vijijini ni ya muda mrefu na inahusu halmashauri zote nchini, hasa baada ya kufutwa kwa kodi ya maendeleo na kodi nyingine zenye kero mwaka 2003. Utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua katika halmashauri nyingi, kwa kuwa mapato huwa madogo na mahitaji ya makao makuu ya wilaya huwa karibu zaidi na mwenye kalamu. Tofauti ya Songo Songo ni kwamba fungu linatokana na chanzo kimoja kinachojulikana, na kijiji kinaweza kukitaja kwa jina.

Hoja ya kupinga nayo inastahili kusikilizwa. Wilaya ya Kilwa ina watu wanaokaribia 300,000 kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, na vijiji vya bara kama Nanjirinji, Kikole na Njinjo viko mbali na bahari na mbali na bomba. Kila shilingi inayobaki kisiwani haiendi huko. Hata hivyo, kijiji chenye visima ndicho chenye mitambo, mkuza wa bomba, tahadhari za usalama na ongezeko la wageni. Mgawanyo wa asilimia 20 kwa kijiji na asilimia 80 kwa wilaya ni jaribio la kuzipatanisha hoja hizo mbili.

Nchi nyingine zimefikia suluhu zinazofanana. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2010 halmashauri zinaweza kumtoza mwendelezaji wa majengo tozo ya miundombinu ya jamii kwa kila mita ya mraba anayojenga. Eneo dogo linalopokea ujenzi hupewa asilimia 15 ya tozo hiyo, na hupanda hadi asilimia 25 iwapo wakazi wamepitisha mpango wao wa matumizi ya ardhi. Nchini Kenya, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha kwa asilimia 70 Serikali ya Taifa, asilimia 20 kaunti na asilimia 10 jamii inayoishi penye mgodi. Funzo kutoka Uingereza linaifaa Kilwa moja kwa moja: kijiji chenye mpango uliopitishwa na mkutano wake kinapewa zaidi, kwa sababu kimeonyesha kinajua fedha itakwenda wapi.

Msitu na gesi: njia mbili tofauti

Kilwa yenyewe ina mfano wa pili wa kulinganisha. Mwaka 2009 vijiji vya wilaya hiyo, chini ya uratibu wa shirika la hifadhi ya mpingo lenye makao yake wilayani, vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu ya asili. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, msitu wa hifadhi wa kijiji ni mali ya kijiji. Kijiji ndicho kinachouza mbao na sehemu kubwa ya mapato huingia katika akaunti yake. Kijiji cha Nanjirinji kimetumia mapato ya aina hiyo katika miradi ya jamii.

Kwa upande wa gesi hali ni kinyume. Kijiji hakimiliki gesi, hakisaini mkataba na hakitoi ankara. Kinachokifikia hupitia kwa kampuni, kisha halmashauri, kisha maamuzi ya madiwani. Mnyororo ni mrefu, na kila kiungo kinahitaji taarifa iliyoandikwa. Kijiji cha msituni hukagua mapato kwa kuhesabu magogo. Kijiji cha gesi hakina njia nyingine zaidi ya kusoma nyaraka.

Wajibu wa kampuni kwa jamii

Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliweka sharti kama hilo kwa migodi. Kabla ya hapo kampuni ilichagua yenyewe cha kujenga na mahali pa kujenga.

Mpango huu ni nyongeza ya ushuru wa huduma na hauwi mbadala wake. Kampuni inayojenga bweni haijalipa ushuru kwa kufanya hivyo. Vilevile halmashauri inayopokea bweni inabaki na jukumu la mwalimu, matengenezo na chakula. Yako maeneo nchini ambako jengo lilikabidhiwa kwa sherehe na likakaa bila watumishi kwa sababu halikuwamo katika bajeti ya halmashauri. Njia salama ni kupitisha miradi ya kampuni katika vikao vilevile vinavyopitisha bajeti, ili kila jengo liwe na mtumishi na fungu la uendeshaji kabla msingi haujachimbwa.

Uzoefu wa migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa unafaa kukumbukwa. Katika mikataba ya miaka ya 1990, malipo ya migodi mikubwa kwa halmashauri yaliwekewa kikomo cha dola za Marekani 200,000 kwa mwaka, bila kujali bei ya dhahabu. Bei ilipopanda, halmashauri hazikunufaika hadi utaratibu ulipobadilishwa na malipo kufuata mauzo. Kiwango kisichobadilika humlinda mlipaji. Asilimia ya mauzo hulinda pande zote mbili.

Miradi inayokuja

Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi mwezi Septemba 2023, inagharamiwa na Serikali Kuu. Hata hivyo mkandarasi anayelipwa kwa kazi inayofanyika Kilwa ana wajibu wa ushuru wa huduma, na meli, viwanda vya barafu na wanunuzi wa samaki watakaofuata watakuwa walipaji wapya. Wachimbaji wa jasi, wazalishaji wa chumvi na wanunuzi wakubwa wa ufuta na korosho nao wana mahali pao katika daftari la mapato.

Katika Manispaa ya Lindi, eneo la Likong'o limetengwa kwa ajili ya mradi wa kusindika gesi kuwa kimiminika. Mwezi Juni 2022 Serikali na kampuni za Shell na Equinor zilisaini makubaliano ya awali ya mradi huo. Wananchi waliotwaliwa ardhi walilipwa fidia. Ushuru wa huduma utakuja baadaye, iwapo ujenzi utaanza, na utakuwa wa manispaa nzima. Kuandaa mapema sheria ndogo, daftari la walipaji, makubaliano ya mgawanyo na vijiji na mitaa, pamoja na orodha ya miradi, ni kazi inayoweza kufanyika kabla mkandarasi wa kwanza hajafika.

Gesi ina mwisho

Leseni ya uendelezaji wa kitalu cha Songo Songo ilitolewa mwezi Oktoba 2001 kwa muda wa miaka 25. Yeyote atakayeendesha visima baada ya muda huo, jambo moja halibadiliki: gesi iliyotoka hairudi, na shinikizo la kisima hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Mauzo yakishuka, ushuru unashuka kwa uwiano uleule.

Kaunti ya Kwale, nchini Kenya, imekwishapitia hali hiyo. Mgodi wa titani ulioanza kusafirisha madini mwaka 2014 ulifunga uchimbaji mwezi Desemba 2024, yaani katika kipindi ambacho mtoto aliyezaliwa siku ya meli ya kwanza alikuwa bado shule ya msingi.

Kwa hiyo swali muhimu kwa madiwani na wananchi wa Kilwa ni aina ya matumizi. Posho ya kikao huisha siku hiyohiyo. Darasa lenye paa imara, tangi la maji, nyumba ya mganga na boti ya wagonjwa vinaweza kuhudumia kizazi, mradi fungu la matengenezo limetengwa. Kilwa inalifahamu hilo kuliko wilaya nyingi. Watawala wa Kilwa Kisiwani waliwatoza ushuru wafanyabiashara wa dhahabu na nguo karne nyingi zilizopita. Biashara ile imekwisha, na kilichobaki ni majengo, ambayo mwaka 1981 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mambo ambayo mwananchi anaweza kuuliza

Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi ni ajenda ya lazima. Katika kijiji kinachopokea fungu la ushuru wa huduma, maswali yafuatayo yana majibu ya maandishi, na mtendaji wa kijiji anapaswa kuyatoa au kuyatafuta halmashauri:

1. Halmashauri ilipokea kiasi gani cha ushuru wa huduma kutoka kwa kila mwekezaji, na kwa kipindi gani?

2. Fungu la kijiji ni asilimia ngapi ya kiasi hicho, na liliingia katika akaunti ya kijiji tarehe ngapi?

3. Mkutano gani wa kijiji ulipitisha mradi unaotekelezwa, na muhtasari wake uko wapi?

4. Vifaa vilinunuliwa kwa bei gani, nani aliteuliwa kuvipokea, na nani alisaini?

5. Mradi uliokamilika una mtumishi na fedha za matengenezo katika bajeti ya mwaka unaofuata?

Pale majibu yasiporidhisha, mwananchi anaweza kuwasilisha hoja kwa diwani wa kata, kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri au Ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na inapohisiwa kuna rushwa, kwa Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU). Kila mwaka Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua halmashauri zote, na ripoti yake, baada ya kuwasilishwa bungeni, huwa wazi kwa umma na hujadiliwa na Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa. Hoja za ukaguzi zinazohusu ushuru wa huduma usiokusanywa au fungu la vijiji lisilorejeshwa huandikwa humo kwa jina la halmashauri na kwa tarakimu.

Mbao za matangazo za ofisi za vijiji na kata ni mahali pengine pa kuanzia. Sheria na miongozo inataka mapato na matumizi yabandikwe hapo. Ubao mtupu nao ni taarifa, na mkutano unaofuata wa kijiji ndio mahali pa kuihoji.